Baba ana saratani sugu ya damu, kainama tu kuokota ndara pingili ya mgongo ikavunjika. Naombeni ushauri

Wakuu, baba yangu (71) ana lukemia sugu ya limfositi, mwaka wa tano huu. Alikuwa anafuatiliwa tu bila dawa, mpaka kinga yake mwenyewe ilipoanza kuvunja chembe nyekundu za damu, wakamwanzishia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga. Ana miezi saba anameza. Wiki iliyopita kainama kuokota ndara, mgongo ukalia "ta!" Picha inaonyesha pingili moja imebonyea. Tumeambiwa ni uzee, tukapewa dawa za maumivu. Siku hizi suruali zake zote zinaburuza chini, mimi nikadhani kakonda. Huu ugonjwa unakula mifupa?

*Muuguzi mstaafu:*
Pole sana, mfikishie na mzee. Suruali kuburuza huenda ni kimo kinapungua, na hiyo pingili inaweza isiwe ya kwanza. Wenye lukemia hii huvunjika mifupa kuliko wenzao wa rika moja, na prednisoloni inazidisha, hasa miezi ya mwanzo. Ila asiiache ghafla, ni hatari! Ombeni kipimo cha DEXA (picha ya kupima uimara wa mifupa), na damu ipimwe vitamini D, kalsiamu na figo. Alama ya T, yaani namba inayotoka kwenye DEXA, ikiwa -2.5 au chini yake, mifupa imeshakuwa dhaifu. Lakini aliyevunjika kwa kuinama tu anastahili kuzungumziwa tiba hata namba ikija nzuri.

*Bin Saidi:*
Mpeni kalsiamu, alale kitandani miezi miwili.

*Mama Wawili:*
Hapana ndugu yangu, kulala muda mrefu kunazidi kuimaliza mifupa. Maumivu yakitulia, atembee taratibu. Mama yangu alipewa alendronati, dawa ya kuimarisha mifupa: mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo tupu, na glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa hakuna kulala wala kula. Meno yakaguliwe kabla hajaanza. Na muulizeni daktari kama wamehakikisha si mieloma, saratani nyingine ya damu, nayo hubomoa pingili.

*Muuguzi mstaafu:*
Naongeza: miguu ikiishiwa nguvu, akifa ganzi sehemu za siri au akishindwa kuzuia mkojo, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

*Mleta uzi:*
Asanteni sana. Miguu iko vizuri, mkojo anazuia. Nimemsimamisha ukutani nikampima: kadi yake ya zamani ya kliniki inasema sentimita 172, leo ana 167. Jumatatu naenda na kadi hiyo mkononi kuomba DEXA.