Familia Ujiji na Mwanga 🌴

*Jumamosi*

18:04 Da Zuhura: Asalaam aleykum wote. Mausi ya steshenari imegoma, batani ya kushoto. Ukibonyeza inazama, hairudi. Jumatatu asubuhi kuna fomu za watu. Nataka kesho kabla ya adhuhuri iwe imepona. @Hamisi @Mwanaidi @Shabani

18:31 Da Zuhura: Naona wengi mmesoma. Semeni basi.

18:40 Hamisi: Waaleykum salaam. Inazama na kubaki chini, au inarudi juu ila kompyuta inaona bado umebonyeza? Hayo ni magonjwa mawili.

18:42 Da Zuhura: Inabaki chini. Ukiichokonoa kwa kucha inapanda.

18:45 Hamisi: Basi swichi huenda ni nzima, kinachokwama ni ganda. Vumbi linaingia kwenye upenyo kati ya batani mbili, linakutana na jasho na mafuta ya vidole, linageuka gundi. Msinunue kitu bado.

18:47 Baba Mdogo: Matone mawili ya mafuta ya cherehani. Kwisha kazi.

18:49 Mwanaidi: Shikamoo baba mdogo. Mafuta hapana, tafadhali. Leo yatalainisha, wiki ijayo yatakuwa yameshika vumbi lote la Mwanga. Na yakichuruzika ndani ya swichi yanakaa kati ya vishaba vinavyotakiwa kugusana, batani inaanza kuruka ruka.

18:50 Baba Mdogo: Marahaba. Cherehani ya mama yenu inadunda mpaka leo.

18:51 Juma: Hiyo mausi imekula migebuka kwa mawese mpaka imevimbiwa 😂😂

18:52 Mama Mkubwa: Migebuka imepanda bei jamani

18:52 Juma: Kibirizi alfajiri mama mkubwa, ukichelewa unakuta mifupa

18:53 Da Zuhura: Juma tuache. Hamisi, endelea. Kijana wa dukani anasoma hapa.

19:10 Hamisi: Chomoa waya kwanza. Zenye betri, toa betri. Igeuze. Skrubu zimejificha chini ya vile vibandiko laini vya kutelezea, na mara nyingine moja iko chini ya lebo ya karatasi: papasa kwa kidole, pakibonyea ndipo ilipo. Pasha vibandiko kwa draya ya saluni sekunde 20, vinyanyue taratibu kwa wembe, vibandike kwenye nailoni safi visishike vumbi. Bisibisi ya nyota ndogo, namba 0 au 00. Ukitumia kubwa unakula kichwa cha skrubu, na hapo umeshajipa kazi nyingine.

19:12 Hamisi: Ganda la juu lina ndoano mbele. Nyanyua nyuma kwanza, sukuma mbele kidogo, litaachia. USIVUTE kwa nguvu. Mausi nyingine zina utepe mwembamba wa nyaya kati ya juu na chini, ukikatika hapo hakuna dawa.

19:15 Hamisi: Ukishafungua, bonyeza swichi yenyewe kwa ncha ya kalamu. Ni kidude cheusi chenye kinundu kidogo juu. Ikilia *tik* na kurudi kila mara, swichi nzima, shughulika na ganda. Ikizama kimya, swichi ndiyo mgonjwa. Hapa ndipo watu wanapokosea, wanabadilisha swichi nzima wakati uchafu uko kwenye plastiki.

19:16 Da Zuhura: Kuna mtoto alimwaga juisi ya ukwaju mezani juzi.

19:18 Mwanaidi: Kumbe! Sukari hiyo. Dada, spiriti haiyeyushi sukari vizuri, maji ndiyo yanayeyusha. Ganda la juu, likiwa halina sakiti wala waya, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kingo za batani kwa mswaki laini. Likauke kabisa kivulini. Kwenye sakiti ndiyo utumie spiriti ya mafundi simu, asilimia 99, kwa pamba ya masikio. Ya duka la dawa mara nyingi ni 70, ina maji, ukiitumia acha usiku kucha kabla ya kuchomeka. Na thina ya rangi msiguse, inayeyusha plastiki.

19:20 Mwanaidi: Pia tazama chini ya batani, pale inapogonga kinundu cha swichi. Plastiki inachimbika shimo dogo kwa kugongwa kila siku. Kipande cha selotepu cha milimita 3 juu ya shimo kinatosha. Ukiweka tabaka nyingi batani itabaki imebonyezwa muda wote.

19:24 Da Zuhura: Na kama ni swichi?

19:31 Mwanaidi: Swichi nyingi za mausi ni za umbo moja, urefu milimita 12.8, upana 5.8, kimo 6.5. Omron D2FC ni mojawapo, zinaandikwa ubavuni. Ina miguu mitatu, mausi inatumia miwili. Unaweza kuhamisha ya kulia, ambayo haichoki sana, uilete kushoto. Ila kinundu hakiko katikati, kimeegemea upande mmoja. Piga picha kabla ya kutoa. Ukiigeuza batani haitakigusa.

19:33 Mwanaidi: Chuma cha lehemu nyuzi 350, sekunde tatu kila mguu, si zaidi. Lehemu ya zamani ni ngumu kuyeyuka, iongezee mpya kidogo ndipo uinyonye kwa pampu. Ukikaa na joto sana mstari wa shaba unabanduka kwenye sakiti.

19:34 Da Zuhura: Chuma cha lehemu kiko wapi?

19:34 Juma: 👀

19:35 Da Zuhura: @Shabani

19:36 Mama Mkubwa: Kiko Kasulu tangu redio ya babu

19:38 Da Zuhura: Tangu redio ya babu! Na jenereta ilikwenda hivyo hivyo. Kila kitu cha nyumba hii kinapanda basi la Kasulu hakishuki.

19:39 Baba Mdogo: Zuhura, ya jenereta tuliyamaliza kikaoni.

19:40 Da Zuhura: Mliyamaliza nyinyi baba mdogo. Mimi sikuwepo.

19:41 Hamisi: Tusifike huko. Labda hata lehemu haihitajiki.

*Ujumbe huu umefutwa*

20:15 Babu (simu ya Mama Mkubwa): Nimesomewa yote. Kile chuma ni cha marehemu kaka yangu, aliwafundisha kazi nusu ya mafundi wa Ujiji kwa kile. Kirudi. Na neno jenereta lisiandikwe humu tena.

20:16 Hamisi: Shikamoo babu. Tumesikia.

20:16 Da Zuhura: Shikamoo babu. Sawa babu.

20:17 Baba Mdogo: Sawa baba.

22:48 Shabani: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa shamba, simu haina chaji. Chuma kipo, ila ncha imekuwa nyeusi, haishiki lehemu.

22:55 Mwanaidi: Shikamoo kaka. Usiipige msasa! Ncha ina koti la chuma juu ya shaba, ukilikwangua lehemu inaitafuna. Ipashe, ipake flaksi (dawa ya lehemu), futa kwa sponji yenye unyevu, paka lehemu mpya, rudia mpaka ing'ae. Na ukikizima, kiache na lehemu nchani.

22:57 Shabani: Marahaba. Nitampa konda kesho

22:57 Da Zuhura: Basi la saa ngapi? Konda gani? Hamisi, unakuja saa nne?

23:20 Hamisi: Kesho nina kazi Gungu mpaka alasiri. Kijana afungue asubuhi, aoshe ganda, asubiri likauke. Akilirudisha, skrubu ya nyuma asiikaze mpaka mwisho, ganda likijikunja batani inabana tena hata ikiwa safi.

23:22 Da Zuhura: Alasiri imechelewa. Ikishindikana watu wa Jumatatu nawahudumia na nini?

23:26 Mwanaidi: Kwa dharura, kwenye mipangilio ya mausi hamisha batani kuu iwe ya kulia. Au tumia kibodi yenye namba pembeni: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kubali, halafu 8, 2, 4, 6 zinasogeza mshale na 5 inabofya. Pole pole, lakini fomu zitajazwa.

23:27 Da Zuhura: Sawa. Shabani, basi la saa ngapi?

*Jumapili*

06:12 Mama Mkubwa: Nimeamka salama. Niko Kibirizi, nani anataka migebuka?

06:14 Da Zuhura: Shabani

07:03 Juma: Miwili mama mkubwa

07:40 Hamisi: Dada, kijana akifungua anitumie picha ya swichi ubavuni, maandishi yasomeke, kabla hajagusa kitu.