MREJESHO: Biblia na utumwa

Ndugu zangu, niliwauliza: Walawi 19 inaamuru umpende jirani kama nafsi yako, iweje sura ya 25 iruhusu kununua watumwa wa mataifa na kuwarithisha watoto? Asanteni. Aliyenielekeza Kumbukumbu la Torati 23:15, kwamba mtumwa aliyetoroka asirudishwe kwa bwana wake, Mungu ambariki. Waraka wa Paulo kwa Filemoni nimeurudia mara tatu. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa wa Filemoni, kama ndugu mpendwa, ila hasemi waziwazi aachwe huru. Hapo bado pananiuma.

Jumamosi nilifika Mkunazini, Zanzibar, kwenye kanisa lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru, jeupe, limezungushiwa nyekundu, kukumbuka damu ya waliochapwa. Nililia pale. Imani ninayo. Kutetea aya zile, siwezi tena.