Naomba ushauri: lenzi ya pili kwa Leica II ya 1936, na mkanda wa ASA ngapi?

Mtafuta Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Niko masomoni Leipzig, Ujerumani. Kuna mzee mmoja kwenye soko la vitu vya kale ana kamera ya Leica II ya 1936 yenye lenzi ya Elmar 50 mm f/3.5, anataka euro 850. Natafuta lenzi ya pili ya kupigia mitaani, 35 mm, bei isiyoumiza. Halafu nianze na mkanda wa ASA (wepesi wa kunasa mwanga) 100 au 400? Jumamosi narudi kwake, kwa hiyo naomba majibu ya haraka. Nawasilisha.

Mpenda Kioo
Jupiter-12, 35 mm f/2.8, ya Kisovieti. Skrubu ni ile ile ya milimita 39, inaingia bila adapta. Kioo chake cha nyuma kimetokeza sana, ukiivua usiisimamishe mezani bila kifuniko chake kirefu. Pete ya tundu la mwanga iko ndani, pembeni ya kioo cha mbele, na ukishafunga filta huifikii tena. Panga tundu kwanza, ndipo ufunge filta. Kumbuka dirisha la Leica II linaonyesha eneo la 50 mm tu. Nunua na dirisha la nje la 35 la kuchomeka juu, la sivyo utakuwa unakisia kingo za picha.

Bibi Negativu
Mwanangu, kwa baridi na mawingu ya huko weka 400, kiangazi 100. Shata inaishia 1/500 ya sekunde, hivyo ASA 400 kwenye jua kali inakulazimisha kubana tundu hadi mwisho.

Ila usiliache jua liingie moja kwa moja kwenye lenzi. Kamera hizi hazina kioo cha kuakisi ndani kama kamera za SLR, na pazia la shata ni kitambaa kilichopakwa mpira. Lenzi ikielekea juani huku umbali wake umewekwa wa mbali kabisa, inachoma pazia. Ukitembea nayo, funika lenzi, au ipeleke kwenye umbali mfupi na ubane tundu.

Fundi Shata
Mleta uzi, tuache lenzi ya pili kwanza. Leica II ya kawaida na Elmar yake hupatikana chini kabisa ya 850. Huyu mzee bei hiyo ameitoa wapi? Kamera ni ya rangi gani? Juu imechongwa nini? Na umeshatoa hela yoyote?

Mtafuta Mwanga
Sioni rangi inahusiana vipi na lenzi niliyouliza. Ila sawa. Ni ya dhahabu, ngozi ya kahawia nyekundu inayong'aa. Juu ina ndege tai na alama ya Kinazi, na neno Luftwaffe (jeshi la anga). Nimeacha euro 200 ili asiiuze. Nambari ya mwili nimeitafuta mwenyewe, inaangukia 1936, kwa hiyo tusianze habari za feki. Uadimu wake ndio unaibeba bei.

Fundi Shata
Nambari huchongwa na yeyote mwenye mashine ya kuchonga, mdogo wangu, hiyo weka pembeni.

Leica II ilitoka 1932, nyeusi au ya kromu. Ya dhahabu inayojulikana ni Leica ya toleo la Luxus ya 1929 hadi 1931, na ilitoka kiwandani bila rangefinda (kifaa cha kupima umbali). Za jeshi la anga zinazofahamika vizuri ni Leica IIIc za wakati wa vita, zenye maandishi Luftwaffen-Eigentum (mali ya jeshi la anga), na mwili wa IIIc ni mrefu kidogo kuliko wa II. Dhahabu, tai na rangefinda vikikutana kwenye umbo la Leica II, karibu kila mara chini yake kuna FED au Zorki, kamera za Kisovieti. FED ilitengenezwa Kharkiv kuanzia 1934, Zorki Krasnogorsk kuanzia 1948, zote kwa kunakili Leica II. Mafundi wakazikwangua jina la asili, wakazipaka na kuzichonga upya.

Jumamosi mwombe mzee uifungue lenzi, zungusha kinyume cha saa. Tazama ndani ya mdomo wa kamera, upande wa juu. Kuna kimkono kinachosukumwa na lenzi ili kuendesha rangefinda. Kwenye Leica ncha yake ni kigurudumu kinachozunguka. Kwenye FED na Zorki ni kipande kimoja cha chuma kilichochongwa mviringo upande mmoja, hakizunguki.

Kisha soma namba. Leica II ya 1936 ina kasi 20, 30, 40, 60, 100, 200, 500. Elmar ya miaka hiyo ina tundu 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18. Mwisho, bana tundu kabisa na uangalie kwa mbele. Kwenye Elmar vibati vya tundu viko nyuma ya kioo cha kwanza tu. Kwenye Industar-22, lenzi ya Zorki, viko ndani zaidi, nyuma ya kioo cha pili.

Mama Sauda
Mimi hata ingekuwa halisi nisingeivaa shingoni. Alama ile imeua mamilioni ya watu, na wewe unaitafutia mkanda. Fikiri utakavyomwelekezea mtu kamera yenye alama ile usoni.

Kifungu
Mama Sauda yuko sahihi, na kuna upande wa sheria. Kanuni ya adhabu ya Ujerumani, kifungu cha 86a, inakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi. Kuna misamaha ya utafiti, sanaa na mafunzo ya historia, lakini kutembea nayo mjini kwa ajili ya picha za mitaani si mahali pa kuijaribu. Kuhusu hela, sheria ya kiraia, kifungu cha 123, inamruhusu aliyedanganywa kwa makusudi kubatilisha mkataba. Je, una maandishi yoyote yanayosema "Leica halisi ya 1936"?

Mtafuta Mwanga
Nina karatasi yenye sahihi yake. Alama nitaifunika kwa utepe mweusi, sikuwa na nia ya kuionyesha.

Fundi, swali. Hicho kimkono kinaweza kubadilishwa? Yaani mtu akitoa cha aina moja na kuweka cha aina nyingine, kuna mtu atajua?

Jicho Kali
Simameni hapo! Hii chai. Mnunuzi gani anauliza kama kubadilisha kimkono kutagundulika? Alianza na lenzi, akaficha rangi, akaficha malipo, sasa anauliza namna ya kuziba alama ya mwisho. Huyu ndiye muuzaji, na Fundi unamfundisha kazi bure. Mkuu, weka picha ya kamera pembeni ya karatasi yenye jina lako la humu na tarehe ya leo.

Mpenda Kioo
Namba za kasi na tundu zimeshaandikwa hapo juu, naye akitaka atazichonga. Tumechelewa.

Bibi Negativu
Acheni kumkimbiza mtoto. Kama ni muuzaji, atajua kwamba wanunuzi wanajua. Kama ni mnunuzi, ana euro 200 kwa mtu. Fundi aendelee.

Mtafuta Mwanga
Picha siwezi kuweka, kamera iko kwa mzee hadi Jumamosi. Nimeuliza hivyo kwa sababu nilimpigia simu leo kuhusu kimkono. Akasema ni kweli hakina kigurudumu, ila fundi wa jeshi alikibadilisha wakati wa vita baada ya kuvunjika. Nikamwomba anisomee namba za kasi. Kasoma 25, 50, 100, 250, 500. Lenzi ni 3.5, 4, 5.6, 8, 11, 16.

Fundi Shata
Basi jibu umelibeba mwenyewe. Kimkono kinaweza kubadilishwa, lakini fundi wa vita hakuwa na sababu ya kubadili gurudumu zima la kasi pamoja na namba za tundu la lenzi. Namba hizo ni za Zorki ya kwanza ya miaka ya 1950 na Industar-22.

Jicho Kali, tahadhari yako ina maana, ila sitaacha kueleza. Wanaotengeneza feki wanajua haya yote, hawafanyi kwa sababu kazi ingezidi faida. Asiyejua ni mnunuzi.

Jicho Kali
Nitaamini nikiiona karatasi ya mzee, jina lake likiwa limefichwa.

Mtafuta Mwanga
Bado naitaka. Ni nzuri, na inapiga picha, au sivyo? Nikimwonyesha namba hizi pamoja na karatasi aliyosaini, nimwambie ile 200 ndiyo bei yote.

Kifungu
200 ndio uwe mwisho wako. Akikataa, dai pesa yako kwa kutumia karatasi hiyo hiyo.

Fundi Shata
Inapiga, kama pazia ni zima. Vua lenzi, tazama pazia shata ikiwa imevutwa na ikiwa haijavutwa. Mpira uliokauka una mipasuko midogo na mikunjo isiyonyooka. Kasi ibadilishe baada ya kuvuta shata, kwa kuinua gurudumu ndipo uzungushe. Ukibadilisha kabla ya kuvuta, kialama hakisomi namba sahihi, na kwenye baadhi ya Zorki za baadaye unaweza kuvunja kitu ndani.

Industar ivute nje hadi mwisho na uizungushe ijifunge. Ukisahau, mkanda mzima utatoka ukungu.

Mkanda unaingia kwa chini, na hapa wengi huharibu kamera. Ulimi wa mkanda wa siku hizi ni mfupi mno. Ukate uwe wa sentimita 10 hivi, nusu ya upana, na mkasi upite kati ya tundu na tundu, usikate juu ya tundu. Kipande kilichochanika kikiingia kwenye shata, ni kufungua kamera nzima. Ukishafunga kifuniko, vuta na uangalie kitasa cha kurudishia mkanda. Kisipozunguka, mkanda haujashika.

Kwenye mkanda wa kwanza piga mbingu tupu kwa 1/500. Upande mmoja wa picha ukiwa mweusi zaidi, mapazia hayaendi mwendo mmoja. Kisha funika lenzi, vuta, ifunue, acha kamera kivulini dakika tano bila kubonyeza, ifunike na uendelee. Matundu ya pazia yatatokea kama madoa meusi kwenye negativu.

Mpenda Kioo
Na Jupiter-12 bado inaingia kwenye Zorki, hilo halijabadilika.