Tupeane uzoefu: mfuko wa kijiwe chenu unamsaidia aliyekufa tu, au na aliye hai?

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kiko Tandika. Kwenye misiba hatuna shida: daftari linapita, rambirambi inapatikana, msafara wa pikipiki mpaka makaburini. Shida ni aliyevunjika mguu akabaki hai. Wiki ya kwanza anapelekewa juisi na machungwa, baada ya hapo kila mtu na lake, huku bosi mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya kila siku kama kawaida. Ndiyo tukabadili utaratibu. Buku (elfu moja) ya mfuko ya kila siku iko palepale, ila mwenzetu akilazwa pikipiki yake hailali. Anapewa deiwaka, yaani dereva wa kumshikia kwa muda, kutoka kijiweni, hesabu inaenda kwa bosi, kinachobaki deiwaka anagawana na mgonjwa. Kuna kijana alikuwa na pikipiki ya mkataba, kabakiza kidogo iwe yake. Bila hivyo ingerudi kwa mwenyewe. Nyie kwenye kazi zenu mnafanyaje?

MGUMU WA MARANGU
Sisi wapagazi wa Kilimanjaro mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20. Huko juu ndiko kwenye kazi. Mtu akishikwa na kichwa na kutapika lazima ashushwe, lakini mzigo wake haushuki naye, safari ya mgeni inaendelea. Basi tunaugawana. Zamani aliyeshuka mapema alikosa na tipu, maana tipu hutolewa mwisho wa safari. Kundi letu likaamua: aliyeianza safari ana fungu lake, na hela zinahesabiwa mbele ya wote, siyo kiongozi wa msafara aje na bahasha zake. Wapo waliolalamika kwamba wamebebeshwa zaidi halafu wanapata sawa na mgonjwa. Nikawauliza, nani hapa hajawahi kuumwa kichwa Kibo? Kimya.

FUNDI KIGOGO
Mtunza hazina wetu alihama nyumba usiku. Msinitajie mfuko.

MAMA LISHE BUGURUNI
Pole kaka. Fanyeni kama VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku lenyewe likae kwa wa nne. Ila kwetu hela siyo msaada mkubwa. Mwenzetu akijifungua tunapika bandani kwake kwa zamu, kwa sababu mteja wa chakula akizoea kwa jirani harudi. Ukimchangia laki halafu banda limefungwa, hujamsaidia. (Kuna mmoja alipika zamu yake akahamishia wateja kwake. Huyo tulimtoa.)

DADA WA MUSCAT
Kwa sisi wa kazi za ndani kukutana ni kazi, wengine hata Ijumaa hawatoki. Tuko kwenye kundi la WhatsApp, tunatuma sauti kuliko maandishi. Mgeni akiingia tunamwambia mambo mawili: piga picha pasi ya kusafiria na mkataba ututumie kabla hazijachukuliwa, na utume lokesheni ya nyumba siku ya kwanza. Simu ikizimika ghafla, angalau tunajua pa kuelekeza watu wa ubalozi. Akiandika "nitumie mapishi ya biriani", tunaelewa hayuko peke yake, hatumpigii. Tiketi ya kurudi tumeshachangishana, lakini ile picha ya pasi ndiyo imesaidia wengi zaidi.

MZEE WA MAJENGO
Wanangu, haya si mapya. Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 haukuwa wa makuli wa bandarini pekee. Watu wa reli na maboi wa majumbani nao waliacha kazi, na hapo ndipo mji ukasimama. Chege Kibachia aliyeongoza chama chao alikamatwa Agosti mwaka uo huo akapelekwa kizuizini Kabarnet, mbali huko bara. Huyo boda wa Tandika ana habari na mama lishe anayemuuzia chai? Maana naona kila mmoja ana sanduku lake.

FUNDI KIGOGO
Swali kwa mleta mada. Asiyetoa buku naye akianguka, anapewa deiwaka?

MLETA MADA
Tulibishana sana hapo. Hela ya mfuko hapati, deiwaka anapewa. Pikipiki ikirudishwa kwa bosi, hiyo buku ataitoa wapi? Mzee, la mama lishe nalipeleka kwenye kikao cha Jumapili.