Jiolojia, hali ya hewa au menejimenti ya maafa: nichague ipi?

Kijana wa Ujiji:
Wakubwa zangu, shikamooni. Nimehitimu kidato cha sita kwa tahasusi ya PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) na ninasubiri dirisha la udahili lifunguliwe. Nimekulia Ujiji, na maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2021, kisha yakapanda tena 2024, niliona majirani wakihamisha vitanda na mabati huku alama ya tope ikizidi kupanda ukutani. Tangu hapo nimekusudia kusomea majanga ya asili na sayansi za dunia. Baba anasema jiolojia ni kazi ya kutafuta dhahabu; mjomba anasisitiza nichukue menejimenti ya maafa, kwa hoja kwamba ndiyo inayohusika na majanga moja kwa moja. Nifuate njia ipi? Na nikikosa mkopo, je, ni busara kuanzia diploma katika chuo cha hali ya hewa kilichopo hapa hapa Kigoma?

Mpima Miamba, Tabora:
Marahaba, mdogo wangu. Baba yako hajapotoka sana, kwa kuwa wahitimu wengi wa jiolojia huishia migodini, ambako ndiko kwenye ajira na fedha. Lakini somo lenyewe ni pana kuliko dhahabu. Ziwa Tanganyika limelala ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambalo kingo zake zinaendelea kuachana taratibu. Ndiyo sababu kina chake kinafika mita 1,470, na ndiyo sababu tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa, likaharibu majengo Kalemie, upande wa Kongo, na kusikika hadi Nairobi.

Sasa lilinganishe na lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ambalo ukubwa wake ulikuwa 5.9. Kwa hesabu za mitetemo, la mwaka 2005 lilitoa nishati takribani mara 20 zaidi, lakini kwa upande wetu wa Tanzania ni la Kagera lililoua na kubomoa, kwa sababu lilitokea karibu na makazi yenye kuta za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Anayejua nguvu za dunia bila kujua jinsi watu wanavyojenga atalieleza tetemeko, ila maafa yatamshinda kuyaeleza. Hata hivyo ningekushauri uanze na jiolojia au jiofizikia, yaani fizikia ya dunia, katika shahada ya kwanza, Dar es Salaam au Dodoma, kwa sababu hisabati na kazi za uwandani ni vigumu kuzirudia ukubwani, ilhali mambo ya sera na mipango unaweza kuyaongeza katika shahada ya pili.

Mama wa Gungu:
Ninamheshimu Mpima Miamba, lakini kijana ameeleza habari ya maji na amejibiwa habari ya matetemeko. Mwanangu, ziwa letu hupokea mvua pamoja na mito kama Malagarasi na Ruzizi, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke. Mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Kwa kuwa tundu la kutokea ni dogo hivyo, misimu michache ya mvua nyingi ikifuatana, maji hayana pa kwenda isipokuwa kupanda, tena hukawia kushuka hata mvua zikishakatika. Si jambo la jana: katika miaka ya 1870 Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likajaa mpaka likavunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata likashuka kwa mita kadhaa. Wazee walioona ufukwe mpana wakaujenga hawakuwa wajinga. Waliishi katika kipindi ambacho ziwa lilikuwa chini.

Kwa swali kama lako, haidrolojia, yaani sayansi ya maji, na hali ya hewa ndiyo milango iliyo karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha hali ya hewa kwa ngazi ya shahada, na kwa PGM yako hutababaika.

Mwalimu wa Jiografia:
Nyote mna hoja, nami ningemwongezea mfano wa Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanywa maji na kumeguka, tope likafuata mikondo hadi Katesh, mahali ambapo watu walikuwa wamejenga. Mvua ni ya mtaalamu wa hali ya hewa, mwamba ni wa mjiolojia, na viwanja ni vya mpangamiji. Kwa hiyo menejimenti ya maafa siidharau, na Chuo Kikuu Ardhi kina kituo kinachoshughulikia mafunzo hayo, lakini mtu anayeingia humo bila msingi wa sayansi mara nyingi hubaki kuratibu mahema na mablanketi baada ya tukio. Kazi hiyo ni ya heshima, ila sidhani kama ndiyo uliyoitaja.

Kuhusu diploma, mwanafunzi mwenye ufaulu mzuri wa PGM aombe shahada kwanza na aombe mkopo kwa wakati; chuo cha Kigoma kiwe njia ya pili, si ya aibu, kwani humo utajifunza kusoma vipimo vya mvua, upepo na mgandamizo wa hewa kwa mikono yako. Sifa za kujiunga hubadilika, hivyo usome mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huu badala ya kutegemea tuliyoyasikia sisi.

Kijana wa Ujiji:
Nashukuru sana. Ninaelekea kwenye jiolojia, lakini kwa chuo kitakachoniruhusu kuchukua kozi za haidrolojia. Je, wakati huu wa kusubiri kuna la kufanya?

Mama wa Gungu:
Lipo. Andika barua ya kuomba kujitolea katika ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika hapa mjini, ukiwaeleza kwamba ungependa kujifunza namna vipimo vya kina cha maji vinavyosomwa na kuingizwa kwenye kumbukumbu. Ambatanisha nakala ya matokeo na barua ya serikali ya mtaa, na uipeleke mwenyewe asubuhi.