Naomba ushauri: gundi gani haiharibu barua za zamani? (Lubumbashi)

binti_wa_katuba
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, Katuba. Mama alitutoka mwaka jana mwezi wa saba, na mwezi ujao tunamaliza kilio. Tuko watoto sita. Nataka siku hiyo kila mmoja arudi kwake na kadre ndogo (fremu ya picha), ndani yake kipande cha barua baba alizomwandikia mama toka Kolwezi, kati ya 1973 na 1978, alipokuwa kazini Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Barua kumi na tisa, ziko ndani ya kopo la biskuti. Karatasi nyingine ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilijaribu gundi nyeupe ya wanafunzi: wino ukatawanyika, karatasi ikajikunja. Gundi gani inafaa? Au nizipeleke kwa watu wa fotokopi wazipige plastiki? Siku zimebaki kidogo, usingizi sina.

fundi_kadre
Pole kwa msiba, dada. Plastiki usithubutu. Ile mashine inayeyusha gundi kwa moto mpaka inaingia ndani ya karatasi, na haitoki tena maisha. Skochi (selotepu) nayo ni hivyo hivyo: baada ya miaka michache inakuwa njano na kuacha alama kama ya mafuta. Piga picha barua zote mchana, karibu na dirisha, jua lisizipige moja kwa moja. Chapisha kwa printa ya poda, siyo ya wino wa maji, kisha kata hizo nakala unavyotaka. Za asili zikae kwenye kopo lao.
Ila umesema ulijaribu gundi. Ulijaribu kwenye barua yenyewe?

mzee_wa_kamalondo
Umenikumbusha mbali, mwanangu. Baba alikuwa Likasi, sisi tulibaki hapa. Barua zilikuja mkononi mwa watu wa treni, na ndani mara nyingi kulikuwa na habari ya posho: unga umetoka, samaki hawajatoka. Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndiye msomaji wa nyumba, na wa majirani watatu juu yake. Ninakiri leo: kila barua niliongezea mwishoni, "na huyu mutoto anayekusomea, mumununulie mukate na sukari." Nilikula mikate ya watu miaka miwili. Siku moja jirani alimpa mjomba wangu barua aisome tena.

kijana_ruashi
😂😂 Mzee ulikuwa posta na forodha pamoja!

mwana_mukuba
Kadre zimejaa kila nyumba. Tuko Katanga, mbona usitumie shaba? Mimi nagonga shaba tangu 1999. Unachukua bati jembamba, unalipasha mpaka liwe jekundu, unalitia majini, linalainika kama ngozi. Halafu unabandika fotokopi ya mwandiko wa mzee na kufuatisha kila herufi kwa ncha butu. Lakini nakala igeuzwe kwanza kama kwenye kioo, maana unagonga kwa nyuma. Kuna mteja alinitumia picha bila kugeuza, "nakupenda" ikasomeka kama kiarabu. Likianza kuwa jeusi, limau na chumvi. Vibati sita nakufanyia bei ya msiba.

mama_neema
Mimi swali langu si la gundi. Barua za bibi na bwana ni mambo ya chumba chao. Mimi bwana yangu akiniandikia, wakwe zangu hawasomi! Yaya wenu mukubwa, dada yenu wa kwanza, anajua? Na mama mwenyewe, wakati yuko muzima, alisema nini juu ya hizi barua?

binti_wa_katuba
Asanteni. Mzee, umenichekesha leo, sikucheka wiki nzima. Fundi wa shaba, nitakuuliza bei. Mama Neema, watafurahi wote, ni zawadi. Hakuna mambo ya aibu mule. Baba anauliza kama paa linavuja, anasema zaire tano (pesa ya wakati ule) alizotuma ni za viatu vya Odile si za mafuta, hivyo tu.

fundi_kadre
Dada, hujajibu.

binti_wa_katuba
Sawa. Nimekwisha kukata kumi na moja. Lakini sikukata ovyo! Nilichagua mistari. Kila mtoto nimempa mahali anapotajwa jina lake. Nakala si kitu. Mtu anataka karatasi iliyoshikwa na baba, si picha yake. Mliokulia na wazazi wawili hamwezi kuelewa: baba alifariki nikiwa na miaka minne, mwandiko wake ndio sura yake kwangu.

kijana_ruashi
Kumi na moja?! Uliomba ushauri au rambirambi?

mama_neema
Ulisha kata, njo unakuja kuuliza. Na swali yangu umeiruka mara ya pili. Mama alisema nini?

binti_wa_katuba
(Nilikuwa sitaki kuandika hili.) Mama alisema azikwe nazo. Alisema mbele yangu mimi tu, hospitali, usiku. Siku ya kumvalisha, mama mdogo aliuliza mara mbili kama kuna kitu cha kuweka sandukuni. Kopo lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilinyamaza.
Sasa mnihukumu. Lakini niambieni, mchwa wa makaburi ya hapa wangeziachia? Ndani ya mwaka mmoja zingekuwa udongo. Mimi nimeziokoa.

kijana_ruashi
Hapa ndipo mnaniacha. Hii ni hadithi ya kutungwa, wakubwa. Kopo la biskuti, hospitali usiku, mchwa… mwandishi anajaribu kalamu. Kama ni kweli weka picha ya barua moja, ficha majina.

binti_wa_katuba
[picha] Ile ya 1974. Nimefunika majina ya ndugu zangu kwa kidole.

kijana_ruashi
Asante kwa ushahidi dhidi yako. Juu imeandikwa "Kolwezi, Katanga, tarehe 3 machi 1974." Miaka ile mkoa uliitwa Shaba, na Katanga haikurudi mpaka 1997. Chini imesainiwa "Joseph". Majina ya kikristo yalipigwa marufuku 1972! Mfanyakazi wa kampuni ya serikali angethubutu?

mzee_wa_kamalondo
Kijana, historia umeisoma, hukuikaa. Ni kweli, rais Mobutu mwenyewe alilitupa jina lake la Joseph-Désiré. Kazini baba yangu alikuwa "citoyen", yaani raia, na jina la babu yake. Akivuka mlango wa nyumba alikuwa Albert. Nani angefungua barua ya mke wake kutafuta jina la ubatizo? Na Katanga ilibaki mdomoni, hata bahasha ikiandikwa Shaba. Dada, bahasha unayo?

binti_wa_katuba
Ipo. Bahasha inasema Shaba. [picha]

mwana_mukuba
Angalia hiyo "k". Inarudi nyuma kama mkia wa mbuzi, kwenye barua na kwenye bahasha. Hiyo ningeigonga vizuri sana.

kijana_ruashi
Mh. Basi. Nabaki na shaka ya mchwa tu.

mama_neema
Mimi sina shaka, nina huzuni. Zile nane zilizobaki, mwambie yaya wenu kabla ya siku ya kilio. Si siku yenyewe, mbele ya wakwe na mutungi wa kinywaji cha munkoyo. Kabla.

binti_wa_katuba
Yaya atavunja kadre zote. Nne zimekwisha, zimebaki mbili, ya kwake na ya kwangu. Yake ndiyo ya viatu. Yaya ndiye Odile.

mzee_wa_kamalondo
Basi mpe na barua yake nzima, mwanangu, na nyingine saba.

fundi_kadre
Nimesoma yote, sina la kuongeza kwenye mambo ya familia. Kuhusu gundi: kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vitano vya maji ya baridi, koroga mabonge yaishe, pika moto mdogo ukikoroga mpaka iwe kama uji unaong'aa. Ipoe. Hiyo inatoka tena kwa unyevu kidogo, mtu akitaka siku moja kuirudisha karatasi kwa wenzake. Paka kidogo sana, kwa nyuma, kwenye kona tu, pasipo na wino. Kioo kisiguse karatasi, weka ukingo wa katoni katikati. Na usitundike panapopigwa na jua.

binti_wa_katuba
Kona mbili au nne?

fundi_kadre
Mbili. Za juu.