Kikundi: Nyumba ya Walukuba

Shangazi Zaina: Asalam aleikum. Hitima ni Jumamosi hii baada ya adhuhuri. Chakula nimeshapanga: pilau, matoke, kalo ya ulezi na kawo (njegere). Mariamu nijibu, mwanao Salma anaruhusiwa kawo?

Shangazi Zaina: Mariamu? Naona umesoma.

Kassim: Mimi naleta njaa 😂

Mariamu: Aleikum salaam shangazi, nilikuwa kazini. Kawo anakula bila wasiwasi. Njegere hazina gluteni, wala kunde, mbaazi na maharage. Gluteni, protini inayomdhuru, iko kwenye ngano, shayiri na rai. Tatizo ni jikoni.

Shangazi Zaina: Jikoni kuna nini? Kawo ni kawo.

Mariamu: Mpishi akikoroga unga wa ngano ili mchuzi ushike, Salma hawezi tena. Binzari nyingine za pakiti na vidonge vya supu vina ngano ndani, someni nyuma. Na aliyesukuma chapati asishike upawa wa kawo kabla ya kunawa.

Kassim: Kwa hiyo rolex, chapati yetu ya mayai, ndiyo basi?? Mtoto wa Jinja asiyekula rolex atanyang'anywa kitambulisho 😂

Swaleh Iganga: 🤣🤣

Mariamu: Kassim, mwanangu ana siliaki. Akila ngano mwili wake unashambulia utumbo wake mwenyewe. Chakula cha kuitwa hakina gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Unga wa kubaki kidoleni unatosha kumlaza.

Mama Apio jirani: Pole mama Salma. Dek ngor yetu, mchuzi wa jamii ya kunde, haina unga, ni ngor na odii tu, yaani simsim (ufuta) iliyosagwa. Nilete?

Mariamu: Asante mama. Odii unatwanga mwenyewe au mashine ya sokoni?

Mama Apio jirani: Mashine. Ile ya kona, wanasaga kila kitu.

Shangazi Zaina: Hiyo tutaona. Mwajuma, chapati ni zako kila mwaka, pikia kwako.

Mwajuma: Ndiyo naona sasa. Chapati sawa. Lakini kawo za watu wote zinachemshwa kwenye nini? Sufuria kubwa ya mama si ilikwenda Iganga na harusi?

Shangazi Zaina: Mwajuma, si leo.

Mwajuma: Nimeuliza sufuria tu.

Swaleh Iganga: Niliambiwa nichukue. Shahidi yupo.

Kassim: Shahidi ndiye tunamsomea hitima 😂😂

Baba Mkubwa: Nimewasoma wote. Marehemu hakulisha mtoto kando ya wenzake. Salma asipikiwe kisufuria chake peke yake kama mgonjwa wa wodini. Kawo zote zipikwe bila unga, tule pamoja. Swaleh, sufuria irudi.

Shangazi Zaina: Sawa kaka.

Mwajuma: Sawa baba.

Mariamu: Ahsante sana baba mkubwa. Mchuzi utashika tu: kawo zikiiva, ponda upawa mmoja mpaka zilainike, zirudishe na kitunguu na nyanya zilizokaangwa. Uzito unakuja wenyewe.

Mwajuma: Mariamu, na wangu anavimba tumbo. Nimwachishe ngano?

Mariamu: Usimwachishe kabla ya kupimwa damu! Akishaacha, kipimo kinaweza kutoona kitu. Pia kawo huleta gesi hata kwa mzima. Zilowekwe usiku kucha na maji yamwagwe.

Shangazi Zaina: Ulezi wa kalo nao usisagwe mashine ya kona. Nani anajua inayosaga ulezi peke yake?

Shangazi Zaina: Watu 23 humu. Hakuna?

Kassim: Nitauliza.

Shangazi Zaina: Swaleh, sufuria Ijumaa asubuhi.

Swaleh Iganga: Ijumaa sipo. Mtu aje achukue.

Shangazi Zaina: Kassim una gari.

Kassim: Mafuta ya nani shangazi?